Mwalimu, hao sato usiwamwage mtoni

Mwalimu, subiri kwanza. Unataka darasa lako lifuge sato kwenye tangi, na umeuliza liwe la lita ngapi, chakula gani na umeme ukikatika ufanyeje, lakini kilichonishtua ni ule mstari wako wa mwisho: muhula ukiisha watoto wawapeleke sato Mto Mzinga wakawaachie, kama wale wanafunzi wa Marekani uliowaona kwenye video wakiachia samaki waliowalea darasani. Tafadhali usifanye hivyo.

Shuleni kwetu tulifanya. Muuza vifaranga wa samaki alituambia sato ni samaki wa Tanzania, kwa hiyo mto wowote wa Tanzania ni kwao. Darasa la tano wakabeba ndoo hadi mtoni, kila mmoja akamwaga wake, picha zikapigwa, wazazi wakafurahi. Baadaye akaja afisa uvuvi, akamtoa mmoja aliyebaki kwenye tangi, akamkunjua mkia: mistari ya wima imejipanga mkia mzima. Akasema, "Huyu ni sato. Perege, ndugu yake wa mito ya huku pwani, hana mistari hii."

Mwenyeji wa Ruvu, Wami na Rufiji ni perege anayeitwa kitaalamu Oreochromis urolepis. Sato akiingia anagombania naye chakula na mazalia, na kibaya zaidi anazaa naye. Wanatoka machotara, na machotara nao wanazaa. Hakuna wavu wa kuwachambua. Tangi likipasuka unanunua jingine, samaki wakifa unaleta wengine, ila aliyekwisha kuingia mtoni humwiti akarudi. Hilo linaniuma mpaka leo, maana tuliwaambia watoto kwamba wanahifadhi mazingira!

Na yule muuzaji sijamsamehe. Mtu anaishi kwa kuuza samaki nchi hii, halafu hajui ya Ziwa Victoria? Sangara, anayekula samaki wenzake, aliingizwa miaka ya 1950, aina chungu nzima za furu, vile visamaki vya asili vya ziwa hilo, zikapotea. Sato naye aliletwa ziwani humo miaka hiyohiyo, na ngege, ndugu yake wa asili ya ziwa hilo, leo ni adimu. Vifaranga alituuzia, pesa akachukua, la kutuonya hakuwa nalo.

Wale Wamarekani wa kwenye video hulea trauti, samaki wa maji baridi, na mayai yake wanapewa na vituo vya serikali vya kuzalisha samaki, na kijito cha kuwaachia kinaruhusiwa kwa kibali. Video haionyeshi kibali, inaonyesha ndoo tu.

Kwa hiyo kabla hujanunua hata pampu, amua hao samaki wataishia wapi. Wapelekwe kwa mfugaji ambaye bwawa lake halifurikii mtoni wakati wa masika, au siku ya kufunga shule wakaangwe, waliwe na ugali, na watoto waelezwe kwa nini. Mtoni wapeleke watoto mikono mitupu, wakawatazame waliomo.

Maji ya bomba yaache kwenye ndoo iliyo wazi siku nzima klorini itoke. Ya umeme na chakula wadau wengine watakujibu.