Tafuta Kona Kwanza, Muda Utakuja Wenyewe

Msomaji mmoja ameniandikia hivi: "Dada, kila nikianza kitu cha kufanya kwa mikono, siku mbili tatu nakiacha. Nyuzi nimenunua, rangi nimenunua, vyote viko chini ya kitanda. Wewe muda unaupata wapi?"

Jibu liko ndani ya swali lake. Viko chini ya kitanda! Kitu ambacho ni lazima uiname, ukivute, ukitandaze, kisha baada ya saa moja ukikunje na kukirudisha, hutakifanya. Ukishatoka kazini hoi, kule kuinama tu ni kazi nyingine. Mimi pia nimeajiriwa, nina familia na uchovu kama wako, lakini jioni nyingi napata nusu saa yangu kwa sababu nina meza isiyokunjwa. Kazi niliyoiacha jana naikuta vilevile, skrubu zikiwa ndani ya kifuniko cha chupa na bisibisi ubavuni. Nikikaa, naendelea palepale nilipoishia.

Wiki iliyopita meza hiyo imenipa furaha ambayo bado ninatembea nayo. Redio ya zamani ya transista, zile za mkononi zenye mshale unaotembea juu ya namba, ilikuwa bubu kwa miaka mingi. Sasa inazungumza, na nimeitengeneza mimi.

Ngoja nikusimulie, maana utamu wenyewe uko humu. Nilitia betri mpya nne, nikawasha, kimya. Nikapima kwa mita ya umeme pale betri zinapokaa: volti 6, kamili. Nikapima kwenye bodi, ule ubao wa ndani unaoshika vipande vyote: sifuri. Kwa hiyo umeme ulikuwa unapotelea njiani, na njia yenyewe ni waya mfupi kuliko kidole. Kwa nje waya ulikuwa mzima kabisa. Nilipoumenya ganda, shaba ya ndani ilikuwa imegeuka unga wa kijani. Betri za zamani zilivuja, na majimaji yake yakatambaa ndani ya ganda yakaila shaba polepole. Nikakata, nikachomelea waya mpya, nikawasha. Redio ikaanza kutatarika: pu-pu-pu-pu.

Mtu mwingine angekasirika. Mimi niliruka! Redio inayotatarika iko hai. Nikaanza kutafuta kapasita kubwa, kile kipande kinachohifadhi umeme kidogo na kuutuliza, kwa sababu kapasita za aina hiyo zina majimaji ndani, na miaka ikipita majimaji yanakauka. Nikaikuta imevimba kichwani. Nikaweka nyingine yenye mikrofaradi (kipimo cha uwezo wake) zilezile na volti zisizopungua za ile ya mwanzo, nikihakikisha ule mstari uliochorwa ubavuni, unaoonyesha mguu wa hasi, umeelekea upande wake. Halafu nikazungusha kitufe cha sauti. Mtu alikuwa anasoma habari. Nilikaa nikamsikiliza mpaka mwisho, habari zenyewe sikumbuki hata moja.

Kwa nini napenda redio za zamani hasa? Kwa sababu zinaonekana. Transista, kile kipande kidogo kinachokuza ishara ya umeme, ilizaliwa mwaka 1947 katika maabara za Bell huko Marekani, na John Bardeen, Walter Brattain na William Shockley wakapewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1956 kwa ajili yake. Regency TR-1, redio ya kwanza ya transista kuuzwa madukani, ilitoka mwaka 1954 ikiwa na transista 4 tu. Nne! Simu uliyoshika sasa ina mabilioni, na huwezi kuona hata moja. Kwenye redio ya zamani ninaweka kidole juu ya kila kipande na kukiuliza kinafanya kazi gani. Raha hiyo haielezeki kwa mtu ambaye hajawahi kufungua kitu.

Na wapo wasioielewa, tena ndani ya ukoo. Mjomba wangu mmoja aliniambia mbele ya watu, nikiwa nimeshika koleo: "Mwanamke na nyaya wapi na wapi? Hizo kazi zina wenyewe." Watu wakacheka. Sikumjibu, ni mkubwa wangu, na namheshimu mpaka leo. Lakini maneno yale hayajatoka. Kila ninapochomelea kiungo kikatoka laini na chenye kung'aa, nayakumbuka. Kwa hiyo, dada unayenisoma, na wewe kaka unayeambiwa kufuma ni kazi ya kike: mikono haikuumbwa na orodha ya kazi. Ukingoja mpaka ukoo mzima ukubali, utazeeka umekaa.

Juu ya meza yangu nimebandika nakala ya picha ya wimbi kubwa ya Hokusai, yule msanii wa Japani aliyezaliwa mwaka 1760. Ndiyo picha ninayoipenda kuliko zote. Wimbi limeinuka lina makucha, mashua zimejikunyata chini yake, na mlima Fuji uko kwa mbali, mdogo. Niliipenda kwanza kwa buluu yake. Baadaye nikajifunza namna picha zile zilivyotengenezwa, mapenzi yakazidi. Msanii alichora kwenye karatasi nyembamba, karatasi ikabandikwa kifudifudi juu ya ubao, mchongaji akachonga kwa kufuata mistari mpaka mchoro wenyewe ukaangamia. Kisha kila rangi ikachongewa ubao wake, na mpigaji chapa akazipanga zikutane bila kupishana hata unywele. Jina tunalolijua ni la Hokusai, lakini ndani ya wimbi lile mna mikono ya mafundi kadhaa. Ndiyo maana nakereka mtu akitenganisha sanaa na ufundi. Mchongaji yule alikuwa nani, kama si fundi aliyependa kazi yake?

Nayo picha imenifundisha jambo la vitendo: kuchora. Kabla ya kung'oa waya wowote nachora ulivyokaa, rangi yake na unakoelekea. Najua simu inapiga picha kwa sekunde moja. Lakini ukipiga picha unaweza usione kitu, ilhali huwezi kuchora kiungo bila kukitazama. Mara nyingi naugundua ubovu nikiwa bado nachora: risasi ya kuchomelea iliyofifia na kuwa na chembechembe, ufa mwembamba kama uzi kwenye bodi.

Sasa turudi kwako. Tafuta kona. Isiwe kubwa, isiwe nzuri. Iwe yako tu, na watu wa nyumbani waambiwe kwamba hapo hapasogezwi kitu. Huna meza, chukua ubao unaoweza kuubeba na kila kitu kikiwa juu yake, uuegemeze kwenye rafu jinsi ulivyo. Kwa wanaotaka kuanza na umeme, anza na vitu vya betri. Vifaa vya umeme wa ukutani viache kwanza, maana kapasita zake zinaweza kushika umeme hata baada ya kuchomolewa. Fungua dirisha ukichomelea, na ukimaliza nawa mikono kwa sababu risasi ni sumu.

Kingine, usiharakishe kukigeuza biashara. Ukionyesha watu kitu ulichokitengeneza, swali la kwanza litakuwa "Unauza?" Wanakutakia heri, lakini hebu acha kwanza kitu kimoja katika maisha yako kisiwe na mteja anayekusubiri, kisiwe na tarehe ya mwisho. Kazini unapimwa, nyumbani unahitajika. Hapo kwenye kona ruhusa ya kukaa jioni nzima ukisafisha springi moja ya betri kwa siki na mswaki wa zamani ni yako mwenyewe.

Na zile nyuzi, dada yangu, zitoe leo. Usianze kufuma. Zipange tu mahali utakapoziona ukipita, na ile kazi uliyoiacha nusu iweke juu, sindano ikiwa ndani yake.