Upatu wa mama na upatu wa mahakamani

Swali: Mama yangu anacheza upatu na wenzake wa sokoni. Juzi nimesoma habari ya watu walioshtakiwa kwa "kuendesha upatu". Je, mama anavunja sheria, au neno hili lina maana mbili?

Jibu: Mama acheze kwa amani. Kilichovurugika ni lugha ya habari.

Upatu ni kuchangiana fedha kwa zamu. Wengi huuita mchezo, na anayekusanya huitwa kijumbe. Tuseme wako kumi, kila mmoja anatoa 50,000 kwa wiki. Mwenye zamu anabeba 500,000. Wiki ya kumi ikiisha, kila mtu ametoa 500,000 na amepokea 500,000. Faida hakuna hata senti. Wanachopata ni fedha za mkupuo na nidhamu ya kuweka akiba.

Kosa wanaloshtakiwa nalo watu wa kwenye habari, la kifungu cha 171A cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, ni jambo jingine kabisa. Huko hakuna zamu. Wa mwanzo wanalipwa zaidi ya walichotoa, kwa fedha za waliokuja nyuma yao, na wanachama wapya wakikatika, wa mwisho wanaangamia. Waandishi walitafuta jina la kitu hicho wakalichukua lililokuwa karibu. Ndivyo DECI, taasisi iliyokusanya fedha za wananchi kwa ahadi ya kuwarudishia zaidi, ilivyoandikwa "upatu" mwaka 2009, viongozi wake walipofikishwa Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam.

DECI wao walihimiza watu "kupanda mbegu" ili "wavune", na hapa ndipo lugha inaponitia hofu. Ukimwambia mtu awekeze, atauliza faida inatoka wapi. Ukimwambia apande, haulizi, kwa kuwa mbegu kuzaa ni kawaida yake, na jirani keshavuna mbele ya macho yake. Mwaka 1981 wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walionyesha kuwa watu hubadili uamuzi kwa sababu tu ya namna jambo lilivyoelezwa, hesabu zikiwa zilezile. Msimamizi wa sekta ya fedha anayekagua leseni na vitabu vya mahesabu bila kusikiliza maneno wanayoambiwa wananchi anafika watu wakiwa wameshalia.

Je, "upatu haramu" itatufaa? Siipendi. Inasikika kana kwamba ni upatu uleule wa mama, ila umekosa kibali. Tena inawatisha akina mama wenye vikundi halali, wakati Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imevitengea vikundi vya kijamii daraja lake, la nne, ili visajiliwe na kulindwa.

Mimi huandika "utapeli wa piramidi". Kama hati ya mashtaka imetumia "upatu", mwandishi ainukuu ilivyo, kisha aeleze kwa sentensi moja kuwa washtakiwa wanadaiwa kuwalipa wanachama wa zamani kwa fedha za wapya. Kitenzi nacho kiangaliwe: upatu wa zamu huchezwa, na ni wa wachezaji wote, "kuendesha" kuachiwe mradi wenye mwenyewe.