Taimingi ya Beetle inayopotea

Swali: Volkswagen Beetle yangu ya zamani, yenye pointi (swichi ndogo inayokata umeme ili cheche itokee) kwenye distribyuta (kifaa kinachogawa umeme kwa plagi), imesetiwa taimingi, yaani wakati wa cheche kuwaka, mara mbili, lakini baada ya majuma machache hukosa nguvu mlimani na injini hupata joto kupita kiasi. Nifanyeje?

Jibu: Ndugu msomaji, kabla ya kugeuza distribyuta tena, pima mwanya wa pointi, ambao unapaswa kuwa milimita 0.4, kwa sababu kadiri kipande cha pointi kinachosuguana na kemu (nundu za mhimili wa distribyuta zinazofungua pointi) kinavyolika ndivyo mwanya unavyopungua na cheche inavyochelewa. Rekebisha mwanya kwanza, ndipo uguse taimingi. Ukianza na taimingi, mwanya utaivuruga tena. Kemu ikiwa kavu, ambalo ndilo kosa ninalolishuku zaidi, ipake grisi kidogo sana. Kagua pia kibanio cha distribyuta, kwani kikilegea taimingi haitatulia.