Farasi waliopotea chini ya boneti: maswali na majibu

Karibu kila barua iliyokuja safari hii inaomba farasi zaidi, yaani nguvu zaidi za injini. Magari yenyewe ni ya michezo, ya miaka ya 1980 na 1990, yenye injini ndogo zinazopenda kuzungushwa. Jibu langu litawaudhi baadhi yenu: farasi wengi mnaowatafuta madukani mlishawalipia siku mliponunua gari. Wamepotea humohumo ndani ya injini.

Fundi, gari langu ni la mwaka 1992, injini lita 1.8 bila turbo, kilomita 230,000. Nimeweka akiba ya ekzosi na kamshafti kali (shafti inayofungua valvu). Nianze na kipi?

Hiyo akiba iache kwanza. Kabla hujanunua hata nati moja, pima kompresheni, yaani presha ambayo kila silinda inaweza kujenga. Pasha injini mpaka ifikie joto lake la kazi, toa plagi zote, chomoa fyuzi ya pampu ya mafuta na ukate umeme unaokwenda kwenye koili. Betri iwe imejaa. Funga geji kwenye tundu la plagi la silinda ya kwanza, kisha mwenzako akanyage pedali ya mafuta mpaka chini na apige stata hadi mshale uache kupanda. Andika namba, hamia silinda inayofuata.

Wengi husoma namba ya mwisho tu. Wewe tazama pia mshale unavyopanda. Silinda nzima hupata sehemu kubwa ya presha yake kwenye mpigo wa kwanza. Yenye ringi zilizochoka hupanda kidogo kidogo, kama mzee anayepanda ngazi. Injini nyingi za aina hii zikiwa na afya hutoa PSI (kipimo cha presha) 170 hadi 200, lakini kinachonihusu mimi zaidi ni tofauti. Silinda ya chini isiachwe na ya juu kwa zaidi ya asilimia 10, au 15 ukiwa mpole. Tuseme umepata 180, 178, 182 na 130. Mimina kijiko cha oili kwenye hiyo ya 130, upime tena. Ikipanda, shida ni ringi. Ikibaki palepale, shuku valvu. Silinda mbili zinazopakana zikiwa chini kwa pamoja, mara nyingi gasketi ya hedi imekatika katikati yao.

Plagi ulizotoa zipange kwa mfuatano wake uzisome. Kahawia hafifu ni salama. Masizi meusi makavu maana yake mafuta yanazidi hewa. Plagi iliyolowa oili inakuambia oili inapita kwenye ringi au sili za valvu. Nyeupe yenye vipele ni silinda inayoungua kwa joto, na hiyo usiiendeshe kwa nguvu hata siku moja mpaka ujue sababu.

Kompresheni ikiwa nzuri, fanya sevisi ya kweli: plagi, waya za plagi, kifuniko cha distribyuta na rota yake, chujio la hewa, chujio la mafuta. Halafu vitu viwili ambavyo gereji nyingi huviruka. Thamostati iliyokwama wazi huifanya injini isipate joto, na kompyuta ikidhani bado ni asubuhi inaendelea kumwaga mafuta ya ziada. Sensa ya oksijeni iliyozeeka nayo hujibu polepole, mchanganyiko ukayumba. Ukishamaliza hayo, ndipo tuongee habari ya kamshafti.

Nikijaza petroli ya okteni ya juu, nguvu zinaongezeka?

Kwa injini iliyoundwa kutumia petroli ya kawaida na isiyogonga, haziongezeki. Okteni ni uwezo wa mafuta kustahimili mgandamizo bila kulipuka kabla ya wakati, ndiko huko kugonga. Haina nguvu ya ziada ndani yake. Faida inakuja pale tu injini inapogonga, au kompyuta inapoweza kusogeza taimingi (wakati wa cheche ya plagi) mbele kwa kutumia nafasi hiyo. Soma na swali linalofuata.

Nina Mazda MX-5 ya mwanzo, ile ya 1.6. Naambiwa kuna ujanja wa taimingi usiogharimu kitu. Ni kweli au porojo?

Ni kweli, na ni katika vitu vichache vya bure ninavyovipendekeza bila kusita. Kiwandani injini hiyo hupangwa iwashe moto nyuzi 10 kabla ya pistoni kufika juu kabisa. Wapenzi wa gari hili wengi huisogeza hadi 14, na mvuto wa mizunguko ya chini na ya kati unaonekana.

Pasha injini. Fungua kile kiboksi kidogo cha uchunguzi kilichomo chini ya boneti, unganisha matundu yenye alama TEN na GND kwa kipande cha waya; bila hivyo kompyuta itakuwa inasogeza taimingi yenyewe na wewe utapima uongo. Bana taa ya taimingi kwenye waya wa plagi ya silinda ya kwanza, mulika puli ya krenki. Kisha legeza bolti ya milimita 12 inayoshika sensa ya kamshafti, nyuma kabisa ya hedi ambako mkono unaingia kwa tabu, uzungushe sensa kidogo sana. Mlio usipokanyaga mafuta ukipanda, urudishe kwenye mizunguko 850 kwa dakika kwa skrubu yake. Kaza, pima tena, toa waya.

Tahadhari moja kubwa: injini hiyo haina sensa ya kusikia kugonga. Kompyuta haitakuokoa. Kwa nyuzi 14 tumia okteni ya juu, na ukisikia mlio wa kokoto unapokanyaga mlimani, rudisha nyuma.

Ekzosi kubwa na chujio la wazi: yapi maoni yako?

Chujio la wazi lililokaa nyuma ya rejeta linavuta hewa ya moto. Hewa ya nyuzi joto 50 ina uzito pungufu kwa karibu asilimia 9 kuliko ya nyuzi 20, na injini inaishi kwa uzito huo. Gari linanguruma zaidi, dereva anafurahi, nguvu zimepungua. Boksi la kiwandani linalovuta hewa ya nje, likiwa na chujio safi, mara nyingi ni bora.

Ekzosi nayo ipime kabla ya kuibadilisha. Toa sensa ya oksijeni iliyo mbele ya katalisti (kisafisha moshi), funga geji ya presha mahali pake, shikilia mizunguko 2,500. Injini isiyo na turbo ikionyesha zaidi ya PSI 3, njia imeziba, na gari kama hilo huvuta vizuri chini halafu linakabwa juu. Ukitaka manifoldi mpya, ya 4-2-1 (mabomba manne yanaungana kuwa mawili, kisha moja) husaidia zaidi mizunguko ya kati. Ya 4-1, manne kuingia moja kwa mara moja, huelekea juu. Kwa gari la barabarani nachagua ya kwanza.

Honda yangu ina B16A lakini VTEC haiingii. Nibadilishe kompyuta?

Angalia oili kwanza! VTEC ni mfumo wa Honda unaobadilisha jinsi valvu zinavyofunguka injini ikizunguka kwa kasi. Injini hiyo ilitoka 1989 ikitoa farasi 160 kwa lita 1.6 bila turbo, na upande wake wa juu wote unategemea presha ya oili kusukuma pini za roka. Oili ikiwa pungufu, au injini ikiwa baridi, kompyuta inakataa kwa makusudi. Vikiwa sawa, fungua solenoidi ya VTEC ubavuni mwa hedi. Nyuma yake kuna gasketi yenye wavu mdogo, ambao huziba kwa uchafu wa oili iliyochelewa kubadilishwa. Solenoidi yenyewe ipime kwa mita: iwe kati ya omu 14 na 30.

Subaru yangu ya EJ20 turbo, jamaa anasema atanipandishia busti kwa dakika tano.

Atapandisha, ndiyo. Busti, yaani presha ya hewa ya turbo, ikipanda bila mafuta kuongezeka, mchanganyiko unakuwa mkavu, injini inagonga, na kwenye EJ kinachovunjika mara nyingi ni ukuta mwembamba wa pistoni kati ya ringi na ringi. Kwanza pima kwa moshi kama hozi zinavuja. Ukipandisha, iwe kwa fundi mwenye geji ya kupima uwiano wa hewa na mafuta, anayetyuni kompyuta huku akiusoma.

Nitajuaje kama kweli nimeongeza nguvu, na sina mashine ya kupimia?

Tafuta uwanja au barabara iliyofungwa, iliyo tambarare. Gia ya tatu, kanyaga mpaka chini kutoka mizunguko 3,000 hadi 6,000, abiria akirekodi geji kwa simu. Rudia upande wa pili ili upepo usikudanganye. Hesabu sekunde kwenye video, uandike na joto la hewa la siku hiyo. Badilisha kitu kimoja tu, rudi palepale siku yenye joto linalokaribiana, na tangi likiwa na mafuta kiasi kilekile.