Ukurasa wa Fundi: Brakiti za plau ya theluji

SWALI: Trekta langu dogo la bustani ni la zamani. Plau yake ya theluji (ubao wa chuma wa mbele wa kusukuma theluji) ni nzima pamoja na fremu ya kusukumia, ila brakiti mbili za kuifunga kwenye chesisi zimepotea na kiwanda hakizitoi tena. Naweza kuzitengeneza mwenyewe?

JIBU: Unaweza, na chesisi yenyewe itakuelekeza. Ingia chini na tochi na brashi ya waya, usugue tope kuanzia mbele kurudi nyuma. Ukikuta tundu lisilo na bolti, lililozungukwa na duara la rangi iliyochubuka, hapo ndipo washa (kipete bapa cha chini ya bolti) ya brakiti ya zamani ilipokaa. Anzia hapo. Usifunge plau kwenye ekseli ya mbele: hiyo huchezea kwenye pini moja ili ifuate mabonde, na plau itayumba nayo.

Tumia bamba la chuma cha kawaida la milimita 10. La 6 hupinda, na tundu la pini inayounganisha fremu ya kusukumia na brakiti hulika likawa kama yai. Kama la 6 ndilo ulilo nalo, chomelea kipande cha pili kuzunguka tundu hilo ili unene ufike 12.

Kimo cha pini ndicho kinachoharibu kazi nzuri. Egesha trekta kwenye sakafu iliyo sawa, matairi yakiwa na upepo wa kutosha na plau imekaa chini kwa viatu vyake, yaani vibao vya chini inavyotelezea. Fremu ya kusukumia ilale, au iinamie mbele kidogo tu. Pini ikiwa juu mno, plau hujichimbia ardhini kila inapopata mzigo. Ikiwa chini mno, hupanda juu ya theluji. Kata kielelezo cha boksi gumu, kipime mahali pake, ndipo uchore kwenye chuma.

Kutoboa: bana mabamba yote mawili pamoja, piga alama ya katikati kwa panchi, anza na biti ya milimita 5, kisha 13 kwa bolti za M12 (kipenyo milimita 12). Mizunguko 500 kwa dakika inatosha, na mafuta yasikauke. Ukienda kasi utaunguza biti. Kabla ya kuchomelea mbavu za kuimarisha, laza brakiti mbili mezani zitazamane. Kosa la mara kwa mara ni kutoka na mbili za kushoto.

Shikiza kwa matone machache ya weldi, funga kwenye trekta, ingiza pini zote mbili. Zikiingia bila kugongwa nyundo, fungua ukamalizie kuchomelea mezani, mbali na tangi la mafuta na betri. Chonga kingo za bamba zikae mshazari ili weldi iingie ndani. Kijiti cha kuchomelea cha aina ya E7018 cha milimita 3.2, kikavu, ampea 110 hadi 140. Chuma chenye zinki kisugue kwanza hadi king'ae, maana moshi wake ni sumu.

Bolti ziwe za daraja la nguvu 8.8, zikazwe kama Nm (nyutoni-mita) 80. Chesisi yenyewe ni nyembamba, kwa hiyo weka bamba la milimita 6 upande wa ndani nati zisije zikaibonyeza. Kaza tena baada ya saa ya kwanza ya kazi.

SWALI: Brakiti niliyoichomelea imepasuka pembeni mwa weldi. Nitumie chuma kinene zaidi?

JIBU: Angalia springi za plau kwanza. Plau ikigonga jiwe inatakiwa ikunjike, juu kuja mbele na chini kurudi nyuma, kisha springi ziirudishe. Egemeo, yaani bawaba ambayo plau hukunjikia, likishikwa na kutu, kishindo chote huishia kwenye brakiti. Injini ikiwa imezimwa na vidole vikiwa mbali na egemeo, vuta ukingo wa juu kwa nguvu. Ukingo usipocheza, fungua egemeo, safisha, tia grisi. Kisha uchomelee upya, na safari hii weldi izunguke kona. Ikiishia ukingoni, ufa huanzia papo hapo.