Barua kwa Mwanangu: Yule Aliyesimama Nyuma ya Meza

Mwanangu Neema,

Salamu zako zimefika na barua nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikicheka, ya pili nikiwa na kalamu mkononi. Unasema mlikwenda na wenzako kwenye usiku wa muziki wa elektroniki wa giza na indastriali, huu wa milio ya viwanda. Makundi matatu, moshi, taa nyekundu, watu wamevaa nyeusi tangu shingoni hadi viatuni. Halafu yule wa mwisho, ambaye jina lake ndilo lililokuwa kubwa kwenye bango, akatoka peke yake, akasimama nyuma ya meza iliyojaa visanduku na nyaya, akainamisha kichwa hadi mwisho. Rafiki yako akakunong'oneza kwamba jamaa angebonyeza kitufe kimoja akaenda zake kulala. Na wewe, kwa kuwa mama yako ameishi kwa kazi ya mitambo ya sauti, unaniuliza: ile ilikuwa laivu kweli, au mlilipa kumtazama mtu akisikiliza rekodi yake?

Huyo wa mwisho hakuwatapeli. Kama kuna wa kutiliwa shaka, ni wale wa kwanza, ambao ndio mliowashangilia zaidi.

Sikuwapo, lakini ushahidi umeuandika mwenyewe. Umesema kundi la kwanza lilikuwa na mwimbaji aliyeruka kama mtu anayekanyaga moto, na mpiga kinanda aliyeinua mikono yote miwili kuwapungia. Je, kinanda kilinyamaza alipoinua mikono? Hukusema kilinyamaza. Tena umesema nyimbo zilikwisha palepale zinapokwisha kwenye rekodi, hata ule mlio wa mlango wa chuma kufungwa ukawa mahali pake. Sasa mwangalie yule wa mwisho. Umeandika kwamba mdundo ulikatika ghafla, ukabaki mvumo wa chini tu, ukumbi ukaanza kuguna, na ndipo akaurudisha mdundo kwa nguvu mpaka mkashikana mikono. Umeandika pia kwamba wakati mmoja ulitokea mlio mkali wa kutoboa masikio, akanyoosha mkono haraka, ukafa. Na kwamba nyimbo ulizozijua hukuzitambua mpaka zilipofika katikati. Hakuna rekodi inayosubiri watu wagune.

Ngoja nikueleze kinachotokea juu ya meza ile. Mashine ya ngoma hupewa mpangilio, mara nyingi wa hatua 16, kisha huuzungusha bila kuchoka mpaka mtu aizime au umeme ukatike. Hapo rafiki yako yuko sahihi: sehemu hiyo haihitaji mkono. Lakini mpangilio mtupu wa hatua 16 unachosha ndani ya dakika moja. Kazi ya mtu ni kuamua sasa hivi nani asikike na nani anyamaze. Anaondoa ngoma kubwa, anaacha bati, ile sahani ya chuma ya ngoma, peke yake. Anafunga kichujio, kifaa kinachokata sauti nyembamba, mpaka sauti iwe kama inatoka chumba cha pili, kisha anakifungua pole pole. Anaisukuma sauti kupita kiwango mtambo unachoweza kubeba, ikwaruze, ivunjike. Kwenye muziki mwingine hilo ni kosa la fundi, kwenye huu ndiyo ladha yenyewe. Kuna sintesaiza, vinanda vinavyotengeneza sauti kwa umeme, kama Korg MS-20 iliyotoka 1978, vichujio vyake vinapiga mayowe ukivizungusha kupita kiasi, na watu wanaitafuta hadi leo kwa sababu ya mayowe hayo. Mitambo ya aina hiyo ina tabia zake: joto la ukumbi likipanda, noti za muziki zinaanza kuteleza, na anayepiga lazima azirekebishe huku mdundo unaendelea. Ukamwona amekunja uso ukadhani ni majivuno.

Mikono yake inasogea kidogo sana, nakubali. Dereva wa lori refu naye huzungusha usukani kidogo tu, lakini nyuma tela linafagia barabara nzima.

Kinachonishangaza ni kwamba lawama hii ya rafiki yako ina umri mkubwa kuliko ninyi nyote mliokuwa pale. Mwaka 1978 watu wawili wa New York, Alan Vega na Martin Rev, waliojiita Suicide, walipanda jukwaani Brussels, Ubelgiji, na kinanda cha umeme na mashine ya mdundo. Hawakuwa na gitaa wala mpiga ngoma. Ukumbi ulikuwa umekuja kumsikiliza Elvis Costello, mwimbaji wa Kiingereza. Wakazomewa, na mwishowe mtu akamnyang'anya Vega maiki. Rekodi ya usiku ule ipo, dakika 23, unasikia zomeazomea imepanda juu ya muziki. Nami ninachokisikia zaidi humo ni ile mashine. Mpiga ngoma wa kawaida angetetemeka, angeongeza kasi, angeacha. Mashine haikujali. Ikaendelea vilevile, na mwanadamu aliyesimama mbele yake akalazimika kuchagua: aondoke au abaki nayo. Mtu anayepiga na mashine hana wa kumfunika akikosea, wala hawezi kuiomba imsubiri.

Walioupa muziki huu jina la indastriali ni Throbbing Gristle, kundi la watu wanne lililoanza London mwaka 1975, likafungua lebo yake, yaani kampuni ya kutoa rekodi, ya Industrial Records mwaka uliofuata. Mmoja wao, Chris Carter, alikuwa fundi hasa, akijitengenezea vifaa vyake mwenyewe kwa mkono. Walirekodi maonyesho yao kwenye kaseti, wakafika mahali pa kuuza mkoba mzima wa kaseti 24 za jukwaani. Jiulize nani angenunua kaseti 24 za kitu kilekile. Waliozinunua walijua kwamba wimbo wenye jina moja leo ni mnong'ono na kesho ni kishindo. Kwa maneno mengine, wale waliolaumiwa kwamba hawajui kupiga ala ndio waliofanya kila usiku uwe tofauti, wakati baadhi ya magwiji wa gitaa walikuwa wakirudia solo zao, vipande vya kupiga peke yao, noti kwa noti.

Wengine walikwenda njia ya vyuma. Einstürzende Neubauten walianza Berlin Magharibi mwaka 1980, wakipiga mabati, springi na chochote walichookota. Januari 1984 baadhi yao, pamoja na wenzao wengine, walipewa jukwaa la taasisi ya sanaa ya ICA London, wakaja na mashine za kutobolea zege na misumeno ya injini, na walipoanza kulitoboa jukwaa lenyewe wenye ukumbi wakasimamisha onyesho. Hilo hakuna aliyeuliza kama lilikuwa laivu! Lakini mimi binafsi nawapenda zaidi Test Dept, vijana wa London waliopiga chuma chakavu kwa nyundo, kwa nidhamu kama ya gwaride. Katika mgomo wa wachimbaji wa makaa ya mawe Uingereza wa 1984 na 1985 walirekodi pamoja na kwaya ya wachimbaji waliogoma wa Wales Kusini. Wazee wa migodini wakiimba kwa sauti nne, na vijana wakigonga chuma nyuma yao. Nikitaka kumweleza mtu kwamba kelele hizi hazikuzaliwa na watu wanaopenda ubaya, naanzia hapo.

Sasa kuna kitu ambacho hukukiuliza, nami ndicho ninachokijua zaidi, nacho ni ukumbi. Umesema ulisogea kutoka ukutani kwenda katikati, besi ikapungua, ukadhani fundi ameipunguza. Hakuipunguza. Sauti ya hezi 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde, ina wimbi lenye urefu wa karibu mita 7, na katika chumba mawimbi hayo yanagonga kuta yakarudi, yakakutana. Yanapokutana vizuri, besi inakukaa kifuani. Yanapopingana, inapotea, na hatua mbili tatu tu zinatosha kukutoa sehemu moja hadi nyingine. Tena miili ya watu hunywa sauti nyembamba na kuiachia nzito ipite. Jioni, ukumbi ukiwa mtupu, fundi hujaribu mitambo na kila kitu kinakwaruza masikio. Watu wakijaa, sauti inakuwa nyingine kabisa, na mipango ya jioni inabidi ivunjwe. Anayepiga muziki wa namna hii bila kusikiliza chumba atasikika kama matope tu. Yule wako, kwa jinsi ulivyoeleza ule mvumo uliokuwa ukipanda mpaka vyuma vya dari vikatetema, alikuwa ameitafuta noti ambayo jengo lenyewe linaijibu, akaikalia. Hiyo huwezi kuileta tayari kutoka nyumbani kwako. Unaitafuta papo hapo, na kesho katika ukumbi mwingine ni noti nyingine.

Haya ya kusikiliza ndiyo yanayonikumbusha Chris Watson. Alikuwa mmoja wa watatu wa Cabaret Voltaire, kundi la Sheffield, mji wa chuma cha pua, lililoanza 1973 kwa kukatakata mikanda ya sauti. Akaondoka mwaka 1981, na baadaye akawa miongoni mwa warekodi mashuhuri wa sauti za ndege na wanyama, akifanya kazi kwenye filamu za wanyama za mtangazaji David Attenborough. Watu husimulia habari hiyo kama kichekesho. Mimi siioni hivyo, maana sikio ni lilelile.

Turudi kwa wale wa kwanza, nisije nikawaonea. Kucheza na muziki uliorekodiwa si dhambi katika ukoo huu. Ule muziki wa mdundo mkavu wa kuchezesha mwili, waliouchonga makundi ya DAF wa Düsseldorf, Ujerumani, na Front 242 wa Ubelgiji mwanzoni mwa miaka ya 1980, unataka mapigo yasiyoyumba hata kidogo, na kinachoongezwa jukwaani ni sauti ya mtu, jasho lake na ubishi wake na watu waliomzunguka. Kraftwerk, kundi jingine la Ujerumani, nao walikwenda mbali zaidi. Mwaka 1978 walijitengenezea masanamu yanayofanana nao, na katika maonyesho ya baadaye roboti zikapanda jukwaani kucheza wimbo mzima wenyewe wakiwa hawapo, na watu wakashangilia kwa sababu hawakudanganywa. Kwa hiyo mwimbaji wenu aliyeruka alikuwa laivu, nina hakika, maana hakuna anayeweza kuigiza kuishiwa pumzi namna uliyoieleza. Mwenye kinanda ndiye ninayemwonea haya. Kama ala haina kazi, iache nyumbani, simama upige makofi, hakuna atakayekulaumu.

Kuhusu nguo nyeusi sina mengi. Gizani zinaonekana vizuri na jasho halionekani. Wewe vaa unachotaka, ilimradi viatu viwe vya kufunika vidole.

Ila masikio, mwanangu, hapo sitanii. Umeandika kwamba yalivuma mpaka asubuhi ya pili. Kanuni tunayoitumia kazini ni kwamba desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 85 unaweza kukaa nazo saa 8, na kila zinapoongezeka 3 muda unakatika nusu, hivyo ukifika 100 umebakiwa na dakika 15. Shirika la Afya Duniani nalo, katika viwango lilivyotoa mwaka 2022, linataka wastani ukumbini usivuke desibeli 100 katika dakika 15. Usiku wa indastriali hufika huko bila kujitahidi. Nunua vizibo vya masikio vya wanamuziki, vile vinavyopunguza sauti zote kwa usawa, maana vya sponji vinaua sauti nyembamba na kukuachia mngurumo. Besi hutaikosa, inaingilia mifupani. Na yule mwenzenu mwenye kifafa anayetaka kuja safari ijayo, aulize mapema kuhusu taa za kumweka. Si kila mwenye kifafa zinamdhuru, ni wachache, lakini kwa hao mweko wa mara 15 hadi 25 kwa sekunde ndio hatari kubwa, na watengenezaji wa onyesho wanajua kabisa watatumia nini. Wasipompa jibu la moja kwa moja, asiende.

Mkienda tena, msijibanze mbele. Simameni karibu na meza ya fundi wa sauti, kwa kawaida nyuma katikati, maana sauti ya usiku mzima inapimwa kutokea hapo. Mtazame na mikono yake pia, yeye naye anapiga. Halafu niambie yule wa peke yake alikuwa na visanduku gani mezani. Umetaja kimoja cha kijivu chenye nyaya fupi za rangi zinazochomekwa usoni, na tangu nisome hapo ninakisia. Kama una picha, hata yenye ukungu, nitumie.

Mama yako