Msijibu "kwetu hakuna baipola" kabla dada hajameza hicho kidonge

Usimpe. Hiyo bahasha ndogo ya dawa iliyoandikwa "1x1 usiku" kwa kalamu ibaki kwa mama hadi daktari amsikilize dadako upya. Umeandika kwamba ana miaka 22, hii ni wiki ya tano hatoki kitandani, mjomba wenu wa Siaya aliwahi kulazwa akaambiwa ana skizofrenia (ugonjwa wa akili wa kusikia sauti na kuamini yasiyokuwepo), na mlipoulizwa kliniki kama kuna baipola (ugonjwa wa hisia kupanda juu mno na kushuka hadi huzuni nzito) katika ukoo mkajibu hapana. Jumatatu anaanza hicho kidonge cha kwenye bahasha, amitriptilini, dawa ya sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha. Unauliza kama baipola hurithiwa, na kama mumpime vinasaba kabla ya mahari. Naanza na hiyo "hapana", maana ndiyo iliyonigharimu mimi pia, na sitaki kuona nyumba nyingine ikilipa bei ileile.

Mlisema kweli, na bado daktari amepotoshwa. Fomu inauliza jina la ugonjwa, lakini jeni hazijui majina tuliyoyapa sisi. Mwaka 2009 watafiti wa Sweden walichapisha hesabu ya familia zaidi ya milioni 2. Ndugu wa tumbo moja wa mgonjwa wa skizofrenia walikuwa na hatari ya skizofrenia karibu mara 9 ya watu wengine, na hatari ya baipola karibu mara 4. Hiyo ya pili isome tena. Mwaka 2013 kundi la watafiti wa nchi nyingi walilinganisha vinasaba vya wagonjwa, wakapata uhusiano wa takriban 0.68 kati ya magonjwa haya mawili. Ingekuwa 1, mizizi yake ya kijeni ingekuwa ileile kabisa. Ipo kwa mfano jeni ya CACNA1C, inayounda sehemu ya mlango wa kupitishia kalsiamu kwenye seli za neva. Badiliko dogo hapo huongeza hatari ya yote mawili. Kila badiliko peke yake lina nguvu kidogo sana. Yapo mamia kwa mamia, na yanayochangia skizofrenia mengi yanachangia baipola.

Kwa hiyo skizofrenia ya mjomba inaingia kwenye hesabu ya baipola ya mpwa. Mjomba si kaka, uzito wake ni mdogo kuliko namba hizo za Sweden, lakini si bure. Tena nani amethibitisha kuwa ya mjomba ilikuwa skizofrenia? Mtu aliyepanda mania kali, ile hali ya baipola ya kuwa juu kupita kiasi, anaweza kusikia sauti na kuamini ametumwa na Mungu. Zamani wengi wa namna hiyo waliandikiwa skizofrenia siku ya kwanza na faili halikufunguliwa tena.

Sasa uone kwa nini kidonge kinanitia hofu. Baipola mara nyingi hubisha hodi kwa sonona, hasa kwa kijana chini ya miaka 25. Ukimpa mtu huyo dawa ya sonona peke yake, iwe amitriptilini au fluoksetini, bila dawa ya kusawazisha hisia kama lithiamu, unaweza kumsukuma juu. Wiki ya pili au ya tatu familia inashangilia: ameamka, anafua, anaimba. Kisha analala kwa muda wa saa 3 tu na haoni uchovu, anaongea bila kituo, anakopa kwa simu, anagawa vitu. Wengine hupanda wakiwa bado na huzuni ndani, na hao ndio wa kuogopa zaidi kwa kujidhuru. Amitriptilini nyingi kwa mpigo husimamisha moyo, ndiyo maana nasema ikae kwa mama. Nawakasirikia wanaouza dawa hii dirishani kama peremende, na wanaotuambia ugonjwa wa akili hurithiwa kwa jina lake, kichaa kwa kichaa, huzuni kwa huzuni. Uongo huo umelaza watu wodini. (Kama kuna anayesoma hapa na tayari anaitumia, asiikate ghafla, arudi kwa daktari.)

Chukua daftari, chora vizazi 3 pande zote mbili: babu na nyanya, wazazi na ndugu zao, nyinyi na binamu. Usiandike magonjwa, andika matendo. Alianza na umri gani? Aliwahi kukaa siku nyingi bila kulala na bado ana nguvu? Aliuza ng'ombe au shamba ghafla? Alisikia sauti hata alipokuwa mtulivu, au alipopanda tu? Nani alijiua, nani alikunywa pombe hadi akaisha? Dawa gani ilimtuliza? Kama kuna aliyetulia kwa lithiamu, piga mstari chini yake, daktari atalitaka hilo. Kisha dada mwenyewe: kabla ya hizi wiki 5, kuna siku 4 au zaidi alizokuwa "moto" kupita kawaida yake? Muulize aliyelala naye chumba kimoja, maana dada mwenyewe atasema alikuwa sawa tu.

Vinasaba kabla ya mahari, achaneni navyo. Vipimo vya kukadiria hatari kutoka kwenye jeni vimetengenezwa zaidi kwa damu ya watu wenye asili ya Ulaya, na kwa Waafrika usahihi wake hushuka. Kuna utafiti uitwao NeuroGAP uliokusanya mate ya watu Kenya, Uganda, Ethiopia na Afrika Kusini, Eldoret ikiwemo, lakini ule ni utafiti, si cheti cha mchumba. Jamaa wengi wa wagonjwa hawaugui kamwe. Habari za ukoo zinamsaidia daktari kumsoma aliyekwisha kuugua; mzima hazimhukumu.

Ukimrudisha kliniki, mpe daktari daftari kabla hajashika kalamu, na useme: "Mjomba alilazwa kwa skizofrenia, je, hii inaweza kuwa baipola?" Akilala kwa muda usiofika saa 4 kwa usiku 2 mfululizo na kuamka na nguvu, awe amemeza kitu au la, mpeleke siku hiyohiyo. Na leo jioni mpigie mama umuulize jambo moja: baada ya kutoka hospitali, mjomba alirudi kulima na kucheka kama zamani, au hakurudi tena? Andika jibu kama atakavyolisema yeye, litamsaidia daktari kupima kama ya mjomba ilikuwa skizofrenia kweli au baipola.